Darasa la Kwanza Ndilo Msingi

Kwa mujibu wa mpango uliotangazwa na Serikali, mwaka 2027 watoto wa darasa la 6 na watoto wa darasa la 7 watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Hayo ni matokeo ya sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, ambayo imeweka miaka 10 ya elimu ya lazima kwa kila mtoto wa Tanzania: 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Sisi twaiunga mkono shabaha hiyo kwa moyo wote. Lakini katika harakati za kuhesabu madarasa, madawati na vyoo vitakavyohitajika, twaona liko swali moja ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha, nalo ni hili: je, watoto hao watakaoingia sekondari wanajua kusoma?

Twaliuliza swali hili tukiielekea hasa Wilaya ya Tandahimba, pamoja na jirani zake Newala na Masasi. Hatuichagui Tandahimba kwa kuwa ni mbaya kuliko wilaya nyingine, la hasha. Twaichagua kwa kuwa ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza nchini kwa korosho, na jasho la wakulima wake limeliingizia Taifa fedha nyingi za kigeni. Mahali penye mali kama hiyo ndipo mtu awezapo kuona kwa macho yake mwenyewe hasara ya ujinga na faida ya elimu.

Na tuitazame safari ya korosho. Tangu mwaka 2007 Mkoa wa Mtwara umekuwa ukiuza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, mzigo hupimwa na kupangwa daraja, naye hupewa stakabadhi. Mnada ukiisha, bei hutangazwa, makato huondolewa, na fedha inayobaki hupitia benki. Kila hatua ya safari hiyo ni maandishi na hesabu. Anayejua kusoma huikagua karatasi yake, huzidisha kilo kwa bei, hutoa makato, kisha huweza kusema, "Hapa pamepungua." Asiyejua hutia dole gumba akaondoka; naye akipunjwa hana wa kumshtaki, kwa maana hata kwamba amepunjwa hajui.

Hali kadhalika habari ya dawa. Mikorosho hushambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, nao huzuiwa kwa salfa na dawa nyingine, kila moja ikiwa na kipimo chake, wakati wake na hadhari zake, na yote hayo yameandikwa juu ya mfuko au chupa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kimefanya kazi kubwa ya miaka mingi juu ya zao hili. Lakini maarifa ya Naliendele hayawezi kumfikia sawasawa mtu asiyeweza kusoma maelezo ya dawa anayoipulizia. Kwa hiyo tunaposema juu ya kusoma, hatusemi juu ya mapambo ya watu wa mjini. Twasema juu ya mfuko wa mkulima na afya yake.

Nchi yetu imekwisha kumshinda adui huyu mara moja. Mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwezi Machi wa mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, na kuanzia 1977 elimu ya msingi ikawa ya kila mtoto. Wazee kwa vijana walikalishwa jioni katika madarasa ya kisomo. Kufikia 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi chini ya 10 katika kila 100, na walimwengu wakastaajabu. Lakini ushindi usiolindwa hupotea. Zilipokuja shida za uchumi, vitabu viliadimika, wazazi wakadaiwa michango na ada, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Sensa ya 2012 ilikuta kwamba watu wa miaka 15 na zaidi waliojua kusoma na kuandika walikuwa 78 tu katika kila 100. Adui tuliyekuwa tumemwangusha alikuwa amesimama tena.

Tangu wakati huo mengi yamefanywa, wala hatuna nia ya kuyapunguza. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 2001; shule za sekondari za kata zilienea baada ya 2004; mwaka 2016 ada ziliondolewa mpaka kidato cha 4, na mwaka 2022 mpaka kidato cha 6. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali iliamua kujenga madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Kijana wa Tandahimba wa leo hahitaji kufunga safari mpaka Ndanda au Chidya kutafuta sekondari kama ilivyowabidi babu zake. Hayo ni matunda ya Uhuru, na kila mwananchi ana haki ya kujivunia.

Walakini kuingia shule ni jambo moja, na kujifunza ni jambo jingine. Mwaka 2010 wachunguzi wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya nyingi za nchi yetu wakiwapima watoto. Walikuta kwamba katika watoto 10 wa darasa la 3, ni kiasi cha 3 tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili iliyotungwa kwa kipimo cha darasa la 2. Hata katika waliofika darasa la 7, mmoja kati ya 5 hakuweza kuisoma hadithi hiyo. Na ifahamike vema kwamba hiyo ilikuwa hadithi ya Kiswahili, wala siyo ya Kiingereza.

Miaka mitatu baadaye, Februari 2013, yalitangazwa matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012, na watahiniwa kama 60 katika kila 100 wakawa wamepata sifuri. Nchi nzima ilishtuka, na Waziri Mkuu akaunda tume. Wengi walizilaumu shule za sekondari. Sisi twasema kwamba wengi wa walioanguka kidato cha 4 walikuwa wamekwisha kuanguka darasa la 2, ila siku ile hapakuwa na mtihani wa Taifa wa kututangazia.

Serikali ilizinduka. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la 1 na la 2 ulibadilishwa ili mkazo uwe juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, ndizo hizo KKK. Kati ya 2016 na 2021 Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofikiwa na mpango wa Tusome Pamoja, uliotoa vitabu vya kusomea na mafunzo kwa walimu wa madarasa ya mwanzo. Mpango huo ulitegemea fedha za Marekani. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na fedha za namna hiyo zikakatika. Hatulii wala hatulaumu. Mwenye fedha ndiye aamuaye aitie wapi. Lakini ni dhahiri kwamba kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza hakifai kutegemea uchaguzi wa watu wa nchi ya mbali. Hicho ni kitu cha kwanza ambacho Taifa linalojitegemea hulipa lenyewe.

Sasa twauliza: fedha zikipatikana, zitumiweje? Hapa hatuna haja ya kubahatisha, kwa kuwa jambo hili limechunguzwa humuhumu nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, pamoja na wataalamu Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao, lilifanya jaribio liitwalo KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania Bara. Shule ziligawanywa kwa kura katika mafungu manne. Fungu la kwanza lilipewa fedha za matumizi ya shule, Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika fungu la pili, walimu wa darasa la 1, la 2 na la 3 waliahidiwa tuzo kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma au la hesabu. Fungu la tatu lilipata vyote viwili. Fungu la nne halikupata kitu, ili liwe kipimo cha kulinganishia.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yanafaa kusomwa na kila diwani. Shule zilizopewa fedha peke yake hazikuonyesha, baada ya miaka 2, maendeleo ya maana katika kusoma wala hesabu. Tuzo peke yake ilileta maendeleo haba yasiyo ya hakika. Lakini pale fedha na tuzo vilipokwenda pamoja, watoto walisonga mbele waziwazi, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya vile viwili kila kimoja peke yake. Fundisho lake ni nini? Ni kwamba vitabu na chaki bila mwalimu aliyetiwa moyo ni kama jembe lililoegemezwa ukutani. Na mwalimu mwenye moyo bila vitabu ni kama mkulima asiye na jembe. Atakayeviunganisha viwili hivyo ndiye atakayevuna.

Tusije tukafahamiwa vibaya kwamba twawashambulia walimu. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa chini ya Benki ya Dunia mwaka 2010 ulikuta mtoto wa shule ya msingi ya Tanzania akifundishwa kiasi cha saa 2 tu kwa siku, na hali ratiba ilikuwa na saa zaidi ya 5. Lakini mwalimu naye ni mfanyakazi. Mwalimu aliyepewa watoto wengi kupita kiasi katika chumba kimoja, anayekaa nyumba ya kupanga mbali na shule, na ambaye madai yake ya haki huzungushwa ofisi kwa ofisi, hatafundisha kwa nguvu zake zote hata akihubiriwa kila Jumatatu. Mfanyakazi hudaiwa kazi, naye hudai haki. Vyote viwili vitimizwe.

Tena liko kosa moja ambalo halihitaji fedha kulirekebisha. Katika shule nyingi darasa la kwanza hutazamwa kama mahali pa mwalimu mgeni au aliyechoka, na wale hodari huwekwa darasa la 7 ili shule ipate sifa katika mtihani. Huko ni kutia mbolea kwenye matawi na kuiacha mizizi. Mwalimu aliye hodari kuliko wote katika shule ndiye apewe darasa la kwanza, na apewe heshima inayolingana na kazi hiyo.

Kabla ya darasa la kwanza iko elimu ya awali, na hapa pia upo mfano wa kwetu Waswahili. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walisumbuliwa na kuona watoto wao wakibaki nyuma shuleni. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ulianzishwa mpango wa shule za awali za madrasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Akina mama vijana wa mtaa uleule walifundishwa ualimu. Vifuu, mbegu na vijiti vikawa vifaa vya kuhesabia. Na watoto wakajifunza dini yao na mambo ya shule mahali pamoja. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwapima watoto wa nchi hizo tatu, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba waliopita katika shule hizo waliwashinda kwa akili za masomo waliobaki nyumbani, na hata waliosoma shule nyingine za awali.

Twalisema hili kwa sababu Tandahimba ni nchi ya vyuo vya Kurani, na Masasi na Newala zina misikiti na makanisa yenye historia ndefu. Majengo yapo, wazazi wanayaamini, na watoto tayari wanakwenda huko. Mahali ambapo shule ya msingi iko mbali mno kwa miguu ya mtoto wa miaka 5, kwa nini halmashauri, mashehe na mapadre wasikae pamoja, wakamtafuta binti aliyemaliza kidato cha 4, wakampeleka kwenye mafunzo, na darasa la awali likaanza hapohapo kijijini?

Kwa upande wa madarasa ya mwanzo, majirani zetu wa Kenya wametangulia hatua kadhaa. Walianza kwa majaribio mwaka 2012, na kutoka 2015 mpango wa Tusome ukaenea nchi nzima. Siri yake haikuwa kubwa. Kila mtoto alipata kitabu chake mwenyewe. Kila mwalimu alipata mwongozo wa masomo ya kila siku. Na maofisa wa elimu walitakiwa kukaa ndani ya darasa, kusikiliza watoto wakisoma na kumshauri mwalimu, badala ya kuishia ofisini kwa mkuu wa shule kusaini daftari la wageni. Matokeo ya kusoma yalipanda. Sisi hatuoni jambo lolote katika hayo lisilowezekana Tandahimba.

Lakini uwanda wa Wamakonde una shida zake, na asiyezijua haambiwi akaelewa. Kwanza ni maji. Uwanda ni mkavu. Maji husukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, na mradi wa maji wa Makonde umekuwapo tangu miaka ya 1950 bila kuitosheleza haja. Bomba likikauka, atakayetumwa maji ni mtoto, na hasa mtoto wa kike. Naye ataingia darasani amechelewa na amechoka. Kwa hiyo mhandisi wa maji ni mtu wa elimu pia, japo hajijui.

Pili ni msimu. Korosho huanguka kati ya Septemba na Januari, yaani muhula wa mwisho wa mwaka wa shule. Ndio wakati wa mitihani, na ndio wakati ambao jamaa nyingi huhamia mashambani na watoto huokota korosho. Hatumkatazi mtoto kumsaidia mzazi wake. Kazi ni sehemu ya malezi. Tunachosema ni kwamba asubuhi ni ya shule na jioni ni ya shamba, na wiki mbili za mtoto wa darasa la kwanza zilizopotea hazilipwi na gunia lolote.

Tatu ni jando na unyago. Mila hizi ni chuo cha watu wa kusini. Zinafundisha heshima, uvumilivu na utu uzima, wala sisi si miongoni mwa wale wanaozidharau. Lakini likumbi likifunguliwa katikati ya muhula, mtoto hutoka shule moja kwa ajili ya nyingine, na mara nyingi harudi na moyo uleule. Na binti aliyeambiwa mapema mno kwamba sasa ni mtu mzima huona haya kuketi na watoto. Mila si jiwe. Huko Masasi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu, alikaa na wazee wakalirekebisha jando ili liwafae Wakristo bila kulivunja. Ikiwa wazee wa wakati ule waliweza kurekebisha hata maana yake, wazee wa leo hawashindwi kurekebisha tarehe yake, likae ndani ya likizo. Na binti aliyepata mtoto asihesabiwe kuwa amekufa kimasomo. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurudi shuleni, na asiyejua habari hiyo kijijini aambiwe.

Nne ni lugha. Watoto wengi wa uwanda huu huanza shule wakisema Kimakonde. Kiswahili chetu ndicho lugha ya Taifa, nacho ndicho kinachostahili kufundishia. Lakini mwalimu mwenye busara hatampiga mtoto wa miaka 6 kwa neno la mama yake, bali atalitumia kama daraja la kumvusha katika miezi ya kwanza. Kisha mtoto huyohuyo, akiisha kukizoea Kiswahili kwa miaka kadhaa, huvuka kuingia sekondari na kukuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985, pendekezo likakataliwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walikuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kufuata masomo. Ni zaidi ya miaka 40 sasa. Kiingereza na kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko leo. Lakini kukifanya mlango wa kila elimu ni kuwafungia nje wengi wa watoto wa wakulima. Na ikiwa miaka 10 ya shule ni ya lazima, haifai miaka 4 ya mwisho iwe ya kukariri maneno yasiyoeleweka.

Tukifika hapo ndipo twaweza kuzungumza juu ya ufundi na vyuo. Tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika sekondari, ili vijana wajifunze ufundi pamoja na masomo. Sisi twaliona jambo hili kama mwana wa Elimu ya Kujitegemea. Lakini tukumbuke yaliyotokea zamani: katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kuwa kulima shamba la shule bila kujifunza kilimo. Amali bila karakana, bila vifaa na bila mwalimu fundi itakuwa jina tu. Na amali bila kusoma haiwezekani kabisa. Fundi umeme husoma michoro. Fundi bomba hupima. Mshonaji hugawanya kitambaa kwa hesabu. Kijana aliyeshindwa KKK hataokolewa na nyundo.

Kutoka Uganda twapata fundisho linalowahusu wafanyakazi hasa. Oriana Bandiera, Imran Rasul na wenzao, wakishirikiana na shirika la BRAC, waliwafuata vijana maskini kwa miaka 4. Baadhi walifundishwa ufundi chuoni kwa miezi 6. Wengine walifundishwa kazini na waajiri. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalifaidika. Waliofunzwa na waajiri walipata kazi upesi zaidi mwanzoni. Lakini muda ulivyopita, waliotoka chuoni wakawapita kwa kazi na kipato, kwa sababu walikuwa na cheti ambacho kila mwajiri alikitambua. Mfanyakazi asiye na cheti amefungwa kwa tajiri mmoja. Mwenye cheti huweza kuubeba ujuzi wake akaenda nao atakako.

Mkoa wa Mtwara una VETA; Masasi ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, cha jamii ile ya vyuo vilivyoanza mwaka 1975; na Kitangali, katika Newala, kuna chuo cha ualimu. Aidha VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunza kazi mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka mingi. Mafundi pikipiki, waashi na maseremala wa Tandahimba wautumie utaratibu huo, na vyama vya wafanyakazi viwaonyeshe njia.

Kwa nini jambo hili ni la haraka? Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda vya kubangulia korosho, vikiwemo vya Newala na Masasi. Katika miaka ya 1980 vingi vilisimama, na tangu hapo sehemu kubwa ya korosho yetu imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India, na baadaye Vietnam, ili mikono ya wengine iibangue na mishahara ya wengine ilipwe. Kila kiongozi husema kwamba korosho ibanguliwe hapa. Sisi pia twasema hivyo. Lakini kiwanda cha kisasa kinataka watu wa kuendesha mitambo, kupima unyevu, kutunza hesabu na kuandika ripoti. Watu hao watatoka wapi? Watatoka katika darasa la kwanza la leo la Mahuta, la Luagala na la Kitama, au hawatatoka kabisa, na kazi zitachukuliwa na wageni.

Kwa hiyo twatoa rai zetu waziwazi. Kila kijiji, mara moja kila muhula, kiitishe mkutano ambao watoto wa darasa la 2 watasoma mbele ya wazazi wao ukurasa mmoja wa Kiswahili, si kwa kuwaaibisha, bali ili wote wajue hali ilivyo. Na hesabu ya wanaosoma ibandikwe ukutani pamoja na hesabu za kijiji. Mkuu wa shule ampe darasa la kwanza mwalimu wake bora. Halmashauri, inapotoa taarifa ya madarasa iliyojenga, itoe pia taarifa ya watoto wanaojua kusoma ndani ya madarasa hayo. Wazee wapange jando na unyago ndani ya likizo.

Nao wana ushirika, TANECU na vyama vyote vya msingi, wakumbuke kwamba kanuni ya tano ya ushirika duniani ni elimu. Wakulima wenyewe, katika mikutano yao halali na kwa kura zao, waamue kama sehemu ndogo ya faida ya msimu inunue vitabu vya madarasa ya mwanzo. Hatusemi wakatwe, makato yamekwisha kuwa mengi. Twasema waamue wenyewe, na wapewe hesabu ya kila shilingi.

Wanachama na wafanyakazi mnaotusoma, msingojee mwaka 2028 mkaanza kuuliza kwa nini kidato cha kwanza kimejaa watoto wasioweza kufuata masomo. Watoto hao wako katika shule za msingi sasa hivi, na jina la mwalimu wao mnalijua. Nendeni shuleni wiki hii, mketi katika dawati la nyuma, mkamwombe mtoto mmoja awasomee. Akisoma, mpongezeni mwalimu wake. Asiposoma, msiondoke kabla ya kujua ni nini kilichopungua na ni nani atakayekileta.